Ng'ombe 80 hawasomeki ubalozini: viza inavyoamuliwa, na inapomkwamia mtu wa Dodoma

Ukinyimwa viza ya Ulaya, pasipoti yako hurudi na karatasi ndani. Ni fomu iliyochapwa tayari, yenye orodha ya sababu na visanduku, na kimojawapo kimetiwa alama. Kisanduku kinachowauma watu kuliko vyote ni kile kinachosema kuna shaka ya msingi juu ya nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mzee wa kanisa wa Hombolo, aliyealikwa na usharika rafiki huko Ujerumani, mwenye mashamba mawili ya zabibu, wajukuu tele na ng'ombe 80 wanaochungwa na mdogo wake kule Bahi, anasoma maneno hayo na kuona ametukanwa. Yaani mimi nizamie? Niache vyote hivi nikahangaike na baridi ya watu?

Mzee huyo nimemtunga, lakini wa kufanana naye wapo kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Na kisa chake kinaeleweka ukijua kwamba ofisa aliyetia alama hakuwa na ushahidi wowote wa kumwona mzamiaji. Hakuwaona ng'ombe, basi.

Viza imejengwa juu ya jambo moja: mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji. Ofisa halazimiki kuonyesha kwamba utazamia. Wewe ndiye wa kuonyesha kwamba utarudi. Marekani wameliandika wazi katika sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), kwamba anayeomba viza ya matembezi ahesabiwe kuwa anahamia mpaka amridhishe ofisa kwamba sivyo. Nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, hazisemi kwa ukali huo, ila kanuni yao ya viza ya mwaka 2009 inamtaka ofisa apime uwezekano wa mtu kubaki kinyume cha sheria, na inamruhusu kukataa akibaki na shaka. Ndiyo maana wanaoichukulia viza kama leseni ya udereva, kwamba ukitimiza masharti unapewa, huishia kushangaa. Unaweza kupeleka kila karatasi iliyotajwa kwenye orodha na bado ukanyimwa. Orodha ile inalifikisha faili mezani tu. Kinachofuata ni mtu kuamua kama anakuamini.

Na mtu huyo hakujui. Kwa viza nyingi za Schengen hutaonana naye kabisa. Yule binti wa dirishani anayepokea makaratasi, anayekupiga picha na kuchukua alama za vidole, ni mwajiriwa wa kampuni iliyopewa kazi ya kupokea maombi, na kwa mujibu wa kanuni kampuni hiyo haina sauti katika uamuzi. Hivyo usipoteze nguvu kumbembeleza, na akikwambia "hii iko sawa, dada" usiichukue kuwa ahadi. Anamaanisha karatasi zimetimia idadi.

Watu hunijibu: lakini hapa jirani tunapita tu. Kweli. Mtanzania huingia Nairobi, Kampala, Lusaka, Lilongwe, hata Johannesburg bila kuomba viza, na ndiyo sababu mshtuko wa Ulaya huwa mkubwa. Tuseme pia ukweli wa upande wetu: mgeni kutoka nchi nyingi za huko analipa dola 50 kuingia Tanzania, na Mmarekani dola 100. Tofauti ni kwamba sisi tunamtaka alipe, wao wanatutaka tujieleze. Mwaka 1920 Shirika la Mataifa liliitisha mkutano Paris kuhusu pasipoti, na wengi walitumaini kwamba masharti haya ya wakati wa vita yangekuja kuondolewa. Yameishi zaidi ya miaka 100.

Sasa tuingie kwenye fundo lenyewe, yaani fedha.

Ubalozi utataka taarifa ya benki, ile ambayo wengi tunaiita stetimenti, ya miezi 3 au 6. Wengi hudhani ofisa anatafuta utajiri, kwa hiyo wanahangaika salio liwe kubwa. Salio analiangalia, ndiyo, kwa sababu lazima lilingane na gharama za safari. Lakini jicho lake linatembea juu ya mistari: fedha inaingia lini, kutoka wapi, inatokaje. Mtumishi wa wizara pale Mtumba, mji wa Serikali, ana mistari inayojieleza yenyewe, mshahara kila mwezi kutoka Hazina, kodi ya nyumba, makato ya mkopo, ada ya mtoto. Hata kama salio lake ni dogo, maisha yake yanasomeka.

Mkulima wa zabibu hasomeki hivyo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida msimu mmoja ukiangukia kati ya Februari na Aprili na mwingine kati ya Agosti na Septemba. Akaunti yake imekauka miezi minne, kisha siku moja zinaingia milioni kadhaa, kisha zinatoka kwa mafungu kulipa vibarua wa kupogoa, dawa za ukungu na ada za shule. Mtu aliyekaa ofisini, ambaye pengine hajawahi kufika Hombolo wala Mpunguzi, anaona kitu kimoja: akaunti tupu iliyojazwa ghafla wiki chache kabla ya ombi. Na picha hiyo anaifahamu vizuri kwa sababu ya wenzetu. Kuna watu huazima fedha kwa ndugu, wakaiweka benki, wakachapisha taarifa, wakairudisha. Balozi zinaujua mchezo huo siku nyingi. Kwa hiyo mkulima aliyeuza jasho lake anafanana, kwenye karatasi, na aliyeazima.

Tiba yake si kuongeza fedha nyingine. Ni kuuonyesha msimu. Chukua taarifa ya miezi 12 hata kama wameomba 6, ili mavuno mawili yaonekane yakifuatana. Weka stakabadhi ya mnunuzi au barua ya chama chenu cha ushirika inayotaja kilo ulizouza, tarehe na kiasi, na kiasi hicho kifanane na mstari ulioko benki. Kisha andika barua fupi, ukurasa mmoja, isemayo: mimi ni mkulima, kipato changu huja mara mbili, muamala wa tarehe fulani ni mauzo ya zabibu, risiti ni kiambatisho namba fulani. Barua hiyo haimo kwenye orodha ya kituo cha kupokea maombi, ndiyo maana wengi hawaipeleki, na kwa maoni yangu ndiyo karatasi yenye faida kubwa kuliko zote kwa mtu asiye na mshahara. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa na mkamuaji wa alizeti wa Singida wamo humu humu. Miamala ya simu nayo ina taarifa yake. Ichapishe, kwa sababu biashara nyingi za kwetu zinaishi kwenye simu kuliko benki. Namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na makadirio ya kodi vinasema jambo ambalo barua ya mtendaji haiwezi kulisema, kwamba Serikali yako inakujua kama mtu mwenye shughuli.

Ng'ombe ndio mtihani. Hakuna benki inayotoa taarifa ya zizi. Barua ya serikali ya kijiji ikitaja idadi ya mifugo inasaidia kidogo, lakini ofisa anajua barua ya namna hiyo hupatikana kwa soda mbili. Risiti za ushuru wa mnadani zina uzito zaidi, maana zina tarehe na namba: uliuza mnada wa Msalato Jumamosi fulani, fedha ikaingia benki Jumatatu. Anayejua mwaka mmoja mapema kwamba atasafiri afanye hivyo kwa makusudi, auze wachache kwa nyakati tofauti na kuzipitisha fedha benki. Anayegundua mwezi mmoja kabla atakuwa na zizi zuri na faili bovu.

Baada ya fedha zinafuata kamba zinazokufunga nyumbani. Hapa pia mtu wa kanda ya kati anazo kamba nyingi kuliko karatasi. Ndoa imefungwa kimila au kanisani na cheti hakijulikani kilipo. Watoto watano, wenye vyeti vya kuzaliwa wawili. Shamba ni la babu na mpaka wake ni mbuyu. Kwa shamba ipo njia, na ni ya kisheria: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya haki miliki ya kimila, inayotolewa na kijiji na kusajiliwa wilayani. Mwenye nayo aitangulize. Vyeti vya watoto vifuatwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wala si kwa ajili ya viza peke yake. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe na mfasiri anayetambulika. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, hufanya kazi hiyo. Tafsiri ya kijana wa steshenari, hata kama Kiingereza chake ni kizuri, inaweza kukataliwa kwa kukosa mhuri.

Kuna kero ndogo inayozaa kero kubwa, nayo ni majina. Cheti cha ubatizo kinasema Mathayo, kitambulisho cha NIDA kinasema Matayo, benki wameandika jina la ukoo kwanza, hati ya shamba ina jina la babu. Nyumbani kila mtu anajua ni wewe. Kwenye faili ni watu wanne. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018 na inayolipiwa shilingi 150,000, hutolewa kwa kufuata NIDA na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo makosa yarekebishwe huko kabla ya kuomba pasipoti. Yakishindikana, kiapo mbele ya wakili kieleze kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, na kiambatishwe.

Mwaliko nao huaminiwa kupita kiasi. Barua tamu ya mchungaji wa Ujerumani haimfungi mtu yeyote kisheria. Kule mwenyeji anayetaka kubeba gharama zako huenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha kipato chake na kutia saini hati iitwayo Verpflichtungserklärung, inayomlazimu kulipa ukikwama. Ufaransa mwenyeji anayekulaza nyumbani kwake hupata hati ya manispaa. Mwombe mwenyeji hati hiyo, naye mara nyingi hajui kama inahitajika, kwa sababu yeye hajawahi kuomba viza maishani.

Hapo ndipo kwaya zinapoumia. Kwaya inaalikwa kama kundi, inafanya mazoezi kama kundi, inachangiwa nauli na usharika mzima, lakini mbele ya ofisa hakuna kwaya. Kuna faili la mwalimu wa sekondari aliyeoa, faili la mama lishe, faili la kijana wa miaka 23 asiye na ajira. Kila moja linapimwa peke yake. Matokeo yake sauti ya nne inabaki Dodoma na soprano wanakwenda, na wanaobaki wanaamini kuna fitina. Hakuna fitina, kijana hana mshahara, mke wala shamba kwa jina lake, na barua ya mchungaji imetaja majina bila kueleza maisha ya kila mmoja. Afadhali kila mwanakwaya awe na barua yake: yuko kwaya tangu lini, anasoma au anafanya nini, nani anamtegemea. Na kitu ambacho viongozi wengi hawakijui: vijana wa miaka 25 au chini wanaowakilisha taasisi isiyo ya kibiashara kwenye tukio la utamaduni, michezo au elimu lililoandaliwa na taasisi ya namna hiyo wamesamehewa ada ya viza ya Schengen.

Kwa wengine ada ni yuro 90 tangu Juni 2024, karibu robo milioni ya shilingi, na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 ambaye hajafika 12. Juu yake kuna ada ya kituo, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi nusu ya ile ya viza. Ukinyimwa, hurudishiwi hata senti. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000 na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kurudisha maiti. Sharti la mwisho huwafanya watu wateme mate chini, lakini limo kwenye kanuni.

Nchi za Schengen sasa ni 29, na viza moja huingia zote, ila huombi popote upendapo. Unaomba kwa nchi ambayo ndiyo lengo la safari au utakayokaa siku nyingi. Zikilingana, ile utakayoingia kwanza. Ushauri wa mtaani kwamba "omba kwa nchi fulani, wao ni wapole" umeshawaponza wengi, kwani ratiba ya hoteli ikionyesha siku 2 kwa wapole na siku 9 kwingine, faili limejishtaki lenyewe. Si kila nchi inapokea maombi Dar es Salaam. Baadhi zinawakilishwa na ubalozi mwingine na baadhi humpeleka mwombaji Nairobi. Hakikisha kabla hujalipia chochote.

Nimetaja Dar. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Bunge linakaa hapa, wizara ziko Mtumba, Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023, na viwanja vya balozi vilishatengwa. Dirisha la viza bado liko Dar. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma Julai 2024 kwa nauli ya shilingi 31,000 daraja la kawaida, imepunguza adha kwa kiasi kikubwa, kwani zamani ilikuwa safari ndefu ya basi na kufika dirishani macho mekundu. Hata hivyo alama za vidole huzitoi kwa simu. Zikishachukuliwa mara moja hutumika kwa miezi 59, hivyo safari ya pili huwa nyepesi.

Kuhusu muda, ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15, na unaweza kusogezwa hadi 45. Anayesubiri kibali cha kazini kwanza hujikuta amebanwa, na Dodoma ni mji wa watumishi: mtumishi wa umma anahitaji kibali cha kusafiri nje, na kibali hicho kina foleni yake. Anzeni vyote kwa pamoja. Tiketi ya ndege msinunue ile isiyorudishwa. Nafasi iliyoshikiliwa inatosha kwa ombi.

Wakati huu wa kubanwa ndipo vishoka hujitokeza. Wana barua za ajira, wana hoteli zilizolipiwa za kwenye karatasi, wana taarifa za benki zilizopambwa. Hoteli hupigiwa simu, benki huandikiwa. Uingereza mtu aliyetumia udanganyifu katika ombi anaweza kufungiwa miaka 10. Kishoka hafungiwi, jina kwenye fomu si lake.

Ukinyimwa kwa haki au bila haki, Schengen inakupa haki ya kukata rufaa kwa nchi iliyokukatalia, kwa taratibu za nchi hiyo, na fomu ile ile ya visanduku inaeleza wapi na kwa siku ngapi. Ufaransa malalamiko hupelekwa Nantes. Ujerumani, iliyokuwa ikipokea barua za kuomba uamuzi uangaliwe upya, iliufuta utaratibu huo Julai 2025. Iliyobaki ni mahakama ya Berlin au ombi jipya. Kwa wengi wetu ombi jipya ndilo lenye maana, mradi liwe jipya kweli. Kurudisha faili lile lile mwezi unaofuata ni kununua jibu lile lile kwa yuro 90. Angalia kisanduku: kikisema lengo la safari halikuelezwa, tatizo ni mwaliko na ratiba, kikisema uwezo wa kujikimu, ni fedha, kikisema nia ya kurudi, ni zile kamba. Na kwenye fomu mpya ukiulizwa kama uliwahi kunyimwa, sema ndiyo. Wanayo kumbukumbu.

Marekani hakuna rufaa kwa kifungu cha 214(b); unaomba upya na kulipa upya. Huko hali imebana zaidi: Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kutakiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa viza ya matembezi au biashara, na mwisho wa mwaka huo zikaongezwa amri nyingine za kuzuia. Mwenye mpango wa huko aulize ubalozi kwanza kabla ya kulipa ada.

Viza ikitoka, isome ukiwa bado dirishani. Jina, namba ya pasipoti, idadi ya kuingia, na hasa idadi ya siku. Stika inaweza kuwa halali kwa mwezi mzima huku siku za kukaa zikiwa 12, na zinazohesabiwa ni zile 12. Viza ya kuingia mara nyingi nayo ina kikomo cha siku 90 ndani ya kila siku 180, na tangu Oktoba 2025 Ulaya wameanza kuhesabu kwa mfumo wa kielektroniki mpakani badala ya kutegemea mihuri. Viza yenyewe haimlazimishi ofisa wa mpakani kukuingiza. Anaweza kuuliza upya unakwenda kwa nani, utalala wapi na una shilingi ngapi. Kwa hiyo mwaliko, bima, anwani ya mwenyeji na tiketi ya kurudi vikae kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa Dar.